Maisha ya Bwana Henry Bergh, Msemaji wa Wasio na Msemaji

Wasomaji wengi wa gazeti letu hawajapata kulisikia jina la Bwana Henry Bergh. Mimi nimesoma habari zake muhula huu, nikaona si vema kukaa nazo peke yangu.

Alizaliwa katika mji wa New York, Marekani, mwaka 1813. Baba yake alikuwa mwunda merikebu mashuhuri, akamwachia mali ya kutosha, hata Bwana Bergh hakuwa na haja ya kuhangaikia riziki. Miaka mingi aliipitisha katika kusafiri na kutunga michezo ya kuigiza ambayo watu hawakuipenda. Kwa kweli, kama angalikufa akiwa na miaka hamsini, nadhani asingalikuwapo mtu wa kuandika habari zake.

Mwaka 1863 Rais Abraham Lincoln alimpeleka Urusi awe katibu katika ubalozi. Yasimuliwa kwamba huko alimwona mwenye gari akimpiga farasi bila huruma, akamwamuru aache, naye akaacha. Aliporudi kwao alianzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, mwezi wa Aprili 1866, na mwezi ule ule chama kikapewa nguvu ya kisheria ya kuwashtaki wakosaji. Bwana Bergh hakuwa mwanasheria, lakini aliruhusiwa kusimama mbele ya hakimu kama mshtaki, wala hakupokea mshahara. Magazeti yalimchora kwa dhihaka, watu wakamwona ni mtu wa kiherehere. Mara moja alimshtaki nahodha aliyeleta kasa hai, wamelazwa chali na mapezi yao yametobolewa na kupitishwa kamba. Kesi ikatupwa. Bwana Bergh akarudi siku nyingine na kesi nyingine.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Katika mtaa mmoja wa maskini mjini humo alikuwako mtoto wa kike, jina lake Mary Ellen Wilson. Baba yake alikufa katika vita vya Marekani, na mama yake hakuweza kumlea. Mtoto akaangukia mikononi mwa mwanamke mmoja, Mary Connolly, ambaye hakuwa mzazi wake. Majirani walikuwa wakisikia vilio vyake kutoka chumba cha pili. Mwisho wa mwaka 1873 habari zikamfikia Bibi Etta Wheeler, aliyekuwa akizungukia nyumba za maskini na kuwajulia hali. Bibi huyu alibisha hodi, akaingia. Alimkuta mtoto amesimama akiosha vyombo wakati wa baridi kali, hana viatu, umbo lake kama la mtoto wa miaka mitano, kumbe amekwisha pata tisa. Juu ya meza ulikuwapo mjeledi wa ngozi iliyosokotwa.

Bibi Wheeler alikwenda polisi, wakamtaka alete ushahidi kwanza. Alikwenda kwa vyama vya kusaidia maskini, wakasema wangempokea mtoto kama angeletwa kwa njia ya sheria. Miezi ikapita hivyo. Mwishowe mpwa wake alimshauri aende kwa Bwana Bergh, maana mtoto naye ni kiumbe.

Watu wengi husimulia kwamba Bwana Bergh alimwambia hakimu kuwa mtoto yule ni mnyama, kwa hiyo alindwe na sheria ya wanyama. Hadithi hiyo hupendeza lakini si kweli. Alikwenda kama raia mwenye huruma, si kwa jina la chama chake. Wakili wake, Bwana Elbridge Gerry, alipata sheria iliyokuwapo tangu zamani, ya kumtoa mtu aliyezuiliwa isivyo halali na aliye katika hatari. Basi sheria ilikuwapo siku zote. Aliyekosekana ni mtu wa kuipeleka kwa hakimu.

Mwezi wa Aprili 1874 mtoto aliletwa mahakamani amezungushiwa blanketi, mwili una alama za mapigo na uso una jeraha la mkasi. Yeye mwenyewe alieleza kwamba hakumbuki kupata kubusiwa na mtu yeyote. Connolly alifungwa mwaka mmoja na kazi ngumu.

Hapa naomba ruhusa nitoke kidogo katika hadithi. Wasichana wa mkoa wetu wa Singida huchukuliwa wangali wadogo kwenda kufanya kazi za ndani mijini. Mmoja niliyekaa naye dawati moja shule ya msingi alirudi na kovu la pasi mkononi. Majirani wa huko walisikia, kama wale wa New York. Huku kwetu punda hubeba maji na magunia, na mtu akimpiga punda kupita kiasi wazee humkemea. Akimpiga mtoto wa nyumbani mwake, wapitao husema ni mambo ya watu. Hata sheria zetu zimefuatana kama mambo ya Bwana Bergh: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ni ya mwaka 2008, na Sheria ya Mtoto ni ya mwaka 2009. Sheria hii ya pili yamtaka kila mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mahali pale. Tena imeweka Mahakama ya Watoto, ambamo afisa ustawi wa jamii huwapo, na mtoto aweza kuwa na wakili au mtu wa kumsimamia. Haikusema lazima mtu huyo awe msomi.

Desemba 1874 Bwana Bergh na Bwana Gerry walishiriki kuanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa watoto, na miaka michache baadaye vyama vya namna hiyo vikaanzishwa Liverpool na London.

Bwana Bergh alifariki Machi 1888, siku ambazo New York ilifunikwa na theluji nyingi mno. Hakuacha mtoto. Mary Ellen alilelewa na mama yake Bibi Wheeler, kisha na dada yake Bibi huyo, akaolewa mwaka ule ule wa 1888. Aliishi hata 1956, umri wake miaka 92. Alizaa mabinti wawili, na wa kwanza alimwita Etta.