Augustino wa Hippo: askofu aliyefunua siri zake mwenyewe

Ku Goma, Bukavu ao Beni, ni vigumu kukosa mtu anayeitwa Augustin. Mapadri wa Assomption wanaotumika Butembo na Beni tangu 1929 wanafuata kanuni iliyoandikwa na mwenye jina hilo. Lakini wengi wanamjua tu kama mtakatifu wa ku picha. Yeye mwenyewe alikuwa mtu aliyebeba mambo mabaya ndani ya moyo miaka mingi, kisha akaamua kuyasema mbele ya watu wote.

Alizaliwa 13 Novemba 354 ku Thagaste, mji ambao leo unaitwa Souk Ahras, inchi ya Algeria. Baba yake Patricius alikuwa na shamba dogo na hakuwa Mkristo. Mama yake Monika alikuwa mtu wa maombi. Augustino alipofika miaka 16, franga za masomo zilikosekana, akakaa nyumbani bila kazi. Usiku moja, yeye na vijana wenzake walitikisa mti wa jirani, mti wa mapeasi, matunda ambayo Wafaransa wanaita poire. Walibeba mzigo mzima, wakatupia nguruwe. Haikuwa njaa. Kwao kulikuwa matunda mazuri kuliko yale. Waliiba juu ya utamu wa kuiba tu.

Kisha akaenda kusoma ku Carthage. Kule alianza kuishi na mwanamke bila ndoa, wakazaa mtoto, Adeodatus. Aliingia pia dini ya Wamani, akabaki ndani yake miaka kama tisa. Mwaka 383 alitaka kwenda Roma. Monika hakutaka amuache, basi kijana akamdanganya: akapanda mashua usiku, mama yake akiwa anasali ku kanisa ndogo karibu na bandari.

Mwaka 384 alipata kazi kubwa ku Milano, kufundisha namna ya kusema vizuri mbele ya watu. Watu walimuheshimu. Ndani, moyo haukuwa na amani. Mahubiri ya askofu Ambrosio yalianza kumgusa, lakini maisha yake hayakubadilika. Juu ya kutafuta ndoa yenye faida, yule mwanamke alirudishwa Afrika, na mtoto akabaki kwa baba. Binti aliyechumbiwa alikuwa bado mdogo, ilibidi kungoja miaka miwili. Augustino hakuweza kungoja: akachukua mwanamke mwingine. Aliomba Mungu amusafishe, na papo hapo aliogopa ombi lile lisijibiwe mbio.

Ile siku ya mwisho wa vita ilikuja Agosti 386, ndani ya bustani ya nyumba yao ku Milano. Alilia chini ya mti. Akasikia sauti ya mtoto ikirudilia kwamba achukue, asome. Alifungua barua ya Paulo kwa Waroma, akakuta neno linaloonya juu ya ulevi na uasherati. Hakusoma zaidi. Alimwambia rafiki yake Alypius, kisha akaingia nyumbani kumwambia mama. Pasaka ya 387, Ambrosio alimbatiza pamoja na Alypius na Adeodatus. Mwaka ule ule Monika akafariki ku Ostia, ameona alichokiomba.

Alirudi Afrika 388. Mwaka 391 waamini wa Hippo, mji unaoitwa leo Annaba, walimkamata kanisani, wakamlazimisha awe padri. Miaka michache nyuma yake akawa askofu. Hapo angeweza kunyamaza. Mambo ya Milano yalikuwa mbali, na Wadonato, Wakristo waliojitenga, walikuwa wakitafuta makosa yake. Lakini kuanzia karibu 397 aliandika Maungamo, vitabu 13, akimwelekea Mungu watu wote wakisikia. Alitia ndani mapeasi, uongo wa bandarini, wanawake, kiburi cha masomo.

Hakusimama ku mambo ya zamani. Ndani ya kitabu cha 10, akiwa tayari askofu, alisema vishawishi vya wakati ule: ndoto za usiku, chakula, na ile hamu ya kusifiwa. Maana askofu pia anaweza kujificha nyuma ya nguo zake.

Bei ilikuja. Petiliano, askofu wa Wadonato, alimrushia maisha yake ya zamani. Augustino hakujitetea juu ya yale. Aliyahukumu yeye mwenyewe, akasema tumaini la waamini haliko juu ya askofu, liko juu ya Kristo. Mtu aliyekwisha kusema siri yake, adui hana tena kitu cha kumfunulia.

Mwaka 430 Wavandali walizunguka Hippo, na Augustino akashikwa na homa. Aliomba zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ku ukuta karibu na kitanda. Siku kama kumi hakutaka wageni, isipokuwa waganga na wale walioleta chakula. Alikuwa akisoma na kulia. Alikuwa na miaka 75, na karibu 35 ya uaskofu, lakini hakujiona amemaliza kutubu. Alifariki tarehe 28 Agosti. Hakuacha mapenzi ya mwisho juu ya mali, kwa sababu mali hakuwa nayo.