Joginder Singh: fundi wa garaji aliyeshinda Safari kwa gari la okazio

Ilikuwa Pasaka, mwezi wa Aprili 1965, katika mji wa Nairobi. Gari la kwanza kurudi mjini, baada ya karibu kilomita 5,000 za vumbi, matope na mawe, halikuwa gari jipya lililotoka kiwandani. Lilikuwa Volvo PV 544 ya okazio, yenye mgongo wa mviringo na namba 1 ubavuni. Ndani yake walikaa ndugu wawili: Joginder Singh kwenye usukani, na mdogo wake Jaswant pembeni, akiangalia njia na saa.

Kwa mashindano yale, viwanda vikubwa vilituma magari mapya, mafundi wao na piesi za akiba. Ndugu hao wawili walikuja na gari walilolinunua likiwa limekwisha kuchoka na kulitengeneza wenyewe. Kama lingevunjika, hakuna kiwanda ambacho kingewaletea lingine. Lakini halikuvunjika. Waliwaacha washindani wao nyuma kwa zaidi ya saa moja na nusu.

Watu wa Lubumbashi wanaijua hali ya namna hii. Katika nyua za nyumba za zamani, kuanzia komini ya Lubumbashi hadi Kamalondo, Katuba na ile komini inayoitwa Kenya, hakukosi gari lililolala chini ya turubai likimngojea mwenyewe apate pesa. Leo inanunuliwa karburateri, mwezi ujao freni, mwaka ujao labda rangi. Wengine hucheka wakipita. Maisha ya Joginder Singh yanaonyesha mahali kazi ya namna hiyo inapoweza kumfikisha mtu anayeijua.

Mtoto wa garaji

Joginder Singh alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 huko Kericho, katika eneo la mashamba ya chai, magharibi mwa Kenya. Wakati huo Kenya ilikuwa koloni la Uingereza. Baba yake alikuwa Sikh aliyetoka Punjab, India, kama wengi waliovuka bahari miaka ile kuja kufanya kazi za ufundi, reli na biashara katika Afrika ya Mashariki.

Familia ilikuwa na garaji, na humo ndimo kijana Joginder alijifunza kazi. Alianza kama wanavyoanza vijana wa garaji popote: kushika spana, kuosha piesi kwa petroli, kulala chini ya gari mgongo ukiwa sakafuni, kumsikiliza mkubwa akieleza kwa nini sauti ile ya moteri si nzuri. Hakufika kwenye usukani wa mashindano kwa mlango wa matajiri wanaonunua gari la kifahari ili kujifurahisha. Alifika kwa mlango wa nyuma, akiwa na grisi mikononi.

Baadaye aliajiriwa na chama cha wenye magari kama fundi wa doria. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wanachama walioharibikiwa njiani. Fundi wa doria hana garaji nzima nyuma yake. Ana sanduku la vyombo, akili yake, na mtu mwenye hasira anayemngojea kando ya barabara. Ni lazima atambue ugonjwa haraka na kulifanya gari litembee tena hata kama piesi inayotakiwa haipo. Hiyo ndiyo shule iliyomfaa zaidi katika maisha yake.

Mashindano yaliyovunja magari

Ili kuelewa alichofanya 1965, ni lazima kujua Safari ilikuwa mashindano ya namna gani. Yalianzishwa mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalifanyika wakati wa Pasaka, majira ya mvua, na njia zake zilikuwa barabara za kawaida za udongo. Magari yalikutana na ng'ombe, malori, mito iliyofurika, na usiku wa giza bila taa hata moja.

Hesabu ilikuwa rahisi: kila dereva alipewa muda wa kufika kituo kinachofuata, na kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa dhidi yake. Kwa hiyo kukimbia sana hakukutosha. Aliyekimbia na kuvunja gari alipoteza yote. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 yalianza 93, na hapo tena yakamaliza 7. Madereva maarufu wa Ulaya walikuja mwaka baada ya mwaka na kurudi mikono mitupu. Wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972, miaka 19 baada ya mashindano kuanzishwa.

Wazee wa Kongo watakumbuka jina moja katika orodha ya washindi wa miaka ile: Peugeot 404. Gari hilo hilo lililobeba watu na mizigo kwenye barabara za Afrika nzima lilishinda Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Katika Safari, nguvu ya moteri ilikuja nyuma ya uimara wa chuma.

Joginder aliingia katika mashindano ya magari mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa na umri wa miaka 26 hivi. Kenya ilikuwa bado chini ya ukoloni, ambapo Mzungu, Muasia na Mwafrika walitengwa katika shule, katika makazi na katika vilabu. Mchezo wa magari ulikuwa wa Wazungu zaidi. Kijana Sikh mwenye kilemba, mtoto wa garaji, hakuwa mtu ambaye wengi walimtarajia mbele.

Volvo iliyochoka

Volvo PV 544 ilianza kutengenezwa Sweden mwaka 1958, ikifuata PV 444 ya zamani zaidi. Umbo lake lilikuwa la kizee hata wakati huo, lakini chuma chake kilikuwa kizito na kigumu. Tangu 1961 iliwekewa moteri ya silinda nne yenye ukubwa wa karibu lita 1.8, na aina ya Sport ilikuwa na karburateri mbili. Dereva Tom Trana wa Sweden aliitumia kuwa bingwa wa Ulaya mwaka 1964. Watu waliiona kama gari la familia, lakini barabarani ilikwenda kama gari la michezo.

Timu ya kiwanda cha Volvo ilikuja kwenye Safari ya 1964, lakini ushindi ulikwenda kwa Ford Cortina GT ya Peter Hughes na Billy Young. Gari ambalo ndugu Singh walilipata lilitoka katika timu hiyo ya Volvo. Lilikuwa limekwisha kupigwa na Safari moja. Kwa mtu mwenye pesa, gari kama hilo ni la kutupa. Kwa fundi, ni chuma kizuri kwa bei anayoiweza.

Kila fundi anajua maradhi ya gari lililotoka katika barabara mbaya. Mahali palipounganishwa kwa moto huanza kupasuka. Amortiseri hufa. Rulema za magurudumu huanza kulia. Vumbi huingia katika moteri na kula silinda polepole. Waya za umeme hukatika ndani ya mpira, mahali jicho halioni. Gari linaweza kung'aa kwa nje huku ndani likiwa limekwisha.

Ndiyo maana mtu anayefufua gari la zamani kwa pesa kidogo hana nafasi ya kufuata macho yake. Anaanza na vile vinavyoweza kuua: freni, usukani, magurudumu. Halafu anafuata vinavyobeba: shasi na amortiseri. Halafu moteri, maji na umeme. Rangi na viti vinakuja mwisho, pesa zikibaki. Anayeanza na rangi hujikuta na gari zuri lisilotoka uani.

Joginder na Jaswant hawakuwa na haja ya kumlipa mtu kazi hiyo. Katika kutengeneza gari la zamani, mara nyingi malipo ya mikono huzidi bei ya piesi. Mikono ilikuwa yao wenyewe. Na walipata faida nyingine ambayo haionekani katika hesabu ya pesa: mtu aliyeligusa gari lake kwa mikono yake anajua lilipo na udhaifu, na akiwa njiani anasikia mapema pale linapoanza kulalamika.

Namba 1

Katika Safari ya 1965, gari lao lilipata namba 1, yaani lilianza kabla ya mengine yote. Nafasi hiyo ina utamu na uchungu wake. Kama njia ni kavu, wa kwanza hali vumbi la mtu mwingine, anaona kila jiwe na kila shimo. Lakini kukiwa na matope au mto umejaa, yeye ndiye anayejaribu kina cha maji kwa ajili ya wote wanaomfuata.

Walianza wa kwanza, na walirudi wa kwanza. Kenya ilikuwa imepata uhuru Desemba 1963, na ilikuwa jamhuri tangu Desemba 1964. Watu waliojaa kando ya barabara walimwona mtoto wa nchi, aliyezaliwa Kericho, akivishinda viwanda vya ng'ambo kwa gari alilolitengeneza mwenyewe. Magazeti ya Kiingereza yalimpa jina la Sikh anayeruka. Wakenya walimwita Simba, na jina hilo ndilo lililobaki. Katika nchi changa iliyokuwa bado ikijiuliza nani ni mwananchi na nani ni mgeni, jina hilo halikuwa dogo kwa mtu wa asili ya Asia.

Viwanda vyaja kumtafuta

Baada ya ushindi ule, fundi aliyejilipia akawa dereva anayetafutwa. Ushindi wake mwingine mkubwa ulikuja mwaka 1974, akiwa na Mitsubishi Lancer 1600 GSR na mwenzake David Doig. Mvua ya mwaka huo ilikuwa kali, na njia nyingi ziligeuka matope matupu. Nyuma yao alikuja Björn Waldegård wa Sweden katika Porsche 911, gari lenye nguvu kubwa zaidi kuliko Lancer. Kwa kiwanda cha Japani ambacho wengi hawakukijua katika mchezo huo, ilikuwa tangazo kubwa mno.

Mwaka 1976 Joginder na Doig walishinda tena, na Lancer zilichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Joginder akawa dereva wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Baadaye Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda na kukimbilia Kenya, alimpita kwa kushinda mara tano.

Lakini mafundi hupenda hesabu nyingine kuliko ile ya vikombe. Joginder alianza Safari mara 22, akamaliza mara 19. Katika mashindano ambayo mwaka mwingine magari 7 tu yalirudi, hesabu hiyo inaeleza kila kitu. Hakuendesha gari kama kitu cha kukodi. Alipunguza mwendo penye mawe, akaongeza penye usalama, na alipoona dalili ya ugonjwa alisimama kabla haujawa mkubwa. Dereva na fundi walikuwa mtu mmoja.

Kilichobaki

Joginder Singh alifariki London mwezi wa Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Mashindano ya Safari, baada ya miaka mingi nje ya ubingwa wa dunia, yalirudi katika orodha hiyo mwaka 2021. Magari ya leo hufuatwa na malori ya piesi na vijana wenye kompyuta wanaosoma afya ya moteri kwenye skrini. Mtu binafsi hawezi tena kununua gari lililochoka, kulitengeneza na mdogo wake, na kuwashinda wote.

Hata hivyo, kazi yenyewe haijafa. Magari ya okazio yanayopita Kasumbalesa kila siku kuja Lubumbashi yamekwisha kutumiwa na wengine huko mbali, na hapa yanaanza maisha ya pili. Peugeot za zamani na Volkswagen za mgongo wa kobe bado zinafufuliwa na watu wasio na pesa nyingi, jioni baada ya kazi, chini ya taa moja iliyofungwa kwenye mti. Wengi wao hawatashindana popote. Watafurahi tu siku moteri itakapowaka, moshi wa kwanza utakapotoka, na majirani waliocheka watakapotoka nje kuangalia.