Fundi Konde: Gitaa lililotoka vitani, sasa liko kwenye kinanda chako

UKIENDA harusi Kiminini, Webuye au Chwele, kuna saa ambayo MC huwaita wazee uwanjani. Kijana wa kinanda anajua la kufanya. Anaweka kando nyimbo za rika lake, anaingia kwenye zilizopendwa, na wazee wanaanza kuinuka mmoja mmoja. Wimbo mmoja unaofaa sana saa hiyo ni Tausi Ndege Wangu. Wazee wanaujua, na hata watoto huitikia. Lakini muulize kijana huyo nani aliutunga. Huenda akakwambia ni wimbo wa zamani tu.

Hiyo zamani ina jina. Inaitwa Fundi Konde.

Nyinyi mnaojifunza piano na kinanda Kitale na Bungoma, hii hadithi yenu pia, hata kama mwenyewe alikuwa Mgiriama wa Pwani. Kilichomtoa kwao na kumvusha bahari ndicho kilichowachukua vijana wengi wa huku magharibi miaka hiyo hiyo: Vita vya Pili vya Dunia.

Fundi Konde alizaliwa mwaka wa 1924 huko Mwabayanyundo, katika nchi ya Wagiriama, Kilifi. Kama vijana wengi wa wakati wake waliobahatika kuingia darasani, alisoma shule ya misheni, na huko ndiko alikokutana na ala za Kizungu. Nje ya shule kulikuwa na muziki mwingine. Pwani ilikuwa na ngoma zake, beni na taarab. Tena kuanzia mwaka wa 1933 kampuni ya HMV ilikuwa inauza santuri zilizoitwa GV, nyingi zikiwa na rumba kutoka Cuba. Mwenye gramafoni alizizungusha, majirani wakasikiliza. Kijana mwenye sikio zuri hakuhitaji kufika Havana kujua rumba inavyotembea.

Kisha vita vikaja. Takriban Wakenya 98,000 waliingia jeshini kati ya 1939 na 1945. Walipigana Ethiopia, Madagascar na mwishowe Burma, ambako divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikata misitu na matope ya masika mwaka wa 1944 ikiwafukuza Wajapani. Safari yenyewe tu ilikuwa hatari. Mnamo Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Ceylon ikiwa na wanajeshi wa Afrika Mashariki, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani. Watu 1,297 walikufa.

Bahari hiyo ndiyo aliyoivuka Fundi Konde. Yeye alitumwa na ala ya muziki. Jeshi la KAR lilikuwa na kikosi cha burudani, kazi yake ikiwa kuwaimbia na kuwachekesha askari waliokuwa mbali na kwao. Kikosi hicho kilifika hadi India na Burma. Ndani yake walichanganyika vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika, kila mmoja na lugha yake ya mama, wakielewana kwa Kiswahili. Ilibidi wapige muziki ambao Mgiriama, Mbukusu, Mganda na Mnyamwezi wote wangeukubali. Ukitaka kujua ni kwa nini nyimbo za Konde zinashika popote zinapopigwa, anzia hapo. Zilitoka kwa mtu aliyefunzwa kazi mbele ya hadhira ya kila kabila, ambayo haikujua kama itakuwa hai wiki ijayo.

Sasa turudi huku kwetu, kwa sababu vita hivyo havikupokelewa kwa nderemo kila mahali. Huko Maeni, Kimilili, Elijah Masinde, mchezaji kandanda wa zamani aliyegeuka kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwaambia Wabukusu wasikubali kuchukuliwa kwa vita vya wakoloni. Alikamatwa, na mwaka wa 1945 akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Upande wa Trans Nzoia mambo yalikuwa na sura nyingine. Mashamba ya walowezi karibu na Kitale yalitakiwa kuzalisha mahindi kwa wingi, na kuanzia 1942 serikali iliruhusu Waafrika wachukuliwe kwa nguvu kufanya kazi kwenye mashamba ya watu binafsi. Kwa hivyo kijana wa Bungoma wa mwaka wa 1943 angeweza kuitwa Burma, au kuitwa shambani, au kujificha.

Na waliporudi? Ardhi ya Trans Nzoia ilikuwa imegawiwa wanajeshi Waingereza tangu Vita vya Kwanza, na baada ya vita hivi vya pili serikali ilianzisha tena mpango wa kuwapa mashamba maaskari wazungu kwenye nyanda za juu. Askari Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki hata ekari moja huko. Wengi walirudi na koti, nishani na kumbukumbu. Baadhi walirudi na gitaa.

Hizo gitaa ndizo zilizobadilisha mambo. Huku magharibi vijana walizishika na kuzipiga kwa vidole viwili, wakisikiliza jinsi litungu lilivyokuwa likipigwa tangu zamani. Baadaye akatokea George Mukabi wa Kisa, Butere, na mtindo wa omutibo ulioenea nchi nzima kabla hajafariki mwaka wa 1963. Pwani na Nairobi, waliotoka kikosi cha burudani waliendelea pamoja wakiwa bendi ya Rhino, wakapiga rumba, waltz na foxtrot kwenye kumbi za dansi. Enzi hizo, neno jazi katika Afrika Mashariki lilikuja kumaanisha bendi yoyote ya dansi. Ndiyo maana tukasikia Dar es Salaam Jazz na Kilwa Jazz, ingawa hawakuwa wanapiga kama watu wa New Orleans.

Fundi Konde akawa nyota wa kipindi hicho. Alirekodi na HMV kuanzia miaka ya mwisho ya 1940, na kwa miaka takriban kumi hakuna aliyemshinda kwa nyimbo tamu za Kiswahili. Majengo Siendi Tena ni yake. Mama Sowera ni yake. Tausi pia. Anatajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kabisa kupiga gitaa la umeme. Sauti yake haikuwa na haraka. Gitaa lilijibu maneno badala ya kuyafunika.

Alifanya kazi kwa karibu na Peter Colmore, Mwingereza aliyekuwa afisa wa burudani jeshini kisha akawa mfanyabiashara wa muziki na matangazo jijini Nairobi. Hapo pana jambo ambalo mashabiki hupenda kuliruka. Wimbo wake Jambo Sigara ulikuwa tangazo la sigara. Huo ndio ulikuwa mkate wa mwanamuziki wakati huo. Hata Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, fundi mkubwa wa gitaa, aliletwa Nairobi akatangaza dawa ya Aspro. Wanamuziki wengi walilipwa mara moja studioni, basi, wimbo ukienda mbali haukurudi na chochote.

Tukimheshimu Konde, tumheshimu akiwa mzima hivyo. Alitumbuiza jeshi la mkoloni na akauza sigara. Pia aliwapa watu wa nchi tatu nyimbo za mapenzi zilizowafanya wajione watu wa mjini, watu wa kisasa, wakati sheria zilikuwa zikiwaita maboi. Yote mawili ni kweli, na moja halifuti lingine.

Miaka ya 1960 ilileta mitindo mipya. Twist ikaingia, gitaa za Congo zikafuata, na jina la Konde likapungua redioni. Haikuwa mpaka miaka ya 1990 ambapo alitafutwa tena. Them Mushrooms, bendi iliyoanzia Pwani, ilishirikiana naye kuzipiga upya baadhi ya nyimbo zake, na rekodi za kati ya 1947 na 1956 zikakusanywa na kutolewa kwenye albamu moja. Alikuwa mzee tayari. Alifariki Juni 2000 akiwa na umri wa miaka 75.

Suala la jina si la Kenya peke yake. Wamarekani wana wimbo wa enzi za vita, Take the 'A' Train, uliorekodiwa mwaka wa 1941 na bendi ya Duke Ellington. Kila mwanafunzi wa piano ya jazi duniani huupiga. Wengi hudhani Ellington ndiye mtunzi, kumbe ni Billy Strayhorn, kijana aliyeishi kwenye kivuli cha bosi wake mpaka kifo chake mwaka wa 1967. Lakini huko, angalau, ukifungua kitabu cha noti utakuta jina la Strayhorn limeandikwa juu ya ukurasa. Sisi tuna vitabu vichache vya namna hiyo. Wimbo wetu unasafiri kwa sikio, na sikio hushika sauti, halishiki jina. Ndiyo maana mpiga kinanda wa Bungoma ana kazi ambayo mwenzake wa Chicago hana.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye vidole. Kwanza, zima mdundo wa mashine. Najua kinanda chako kina kitufe cha rumba, lakini rumba ya kiwandani haipumui. Sikiliza rekodi ya Konde mwenyewe kwanza, wala si ya bendi ya hoteli, kisha hesabu nne kwa mguu. Mkono wa kushoto uwe besi: shika noti ya kwanza kwa hesabu mbili, halafu guza ya tatu na ya nne. Rudia mpaka uweze kuongea na mtu huku mkono ukiendelea.

Nyimbo nyingi za enzi hizo husimama juu ya chodi tatu. Ukiwa kwenye C, basi ni C, F na G. Hapa ndipo wapigaji wa kanisani hukosea, kwa sababu wamezoea kushindilia chodi nzima kwa vidole vyote na kukanyaga pedali ili sauti ijae ukumbi. Wimbo huu ni wa gitaa. Ivunje chodi, noti moja baada ya nyingine, kama nyuzi zinavyoguswa. Nyinyi mliokua mkisikia litungu mna faida hapa, maana kila uzi una zamu yake. Toa mguu kwenye pedali. Mwimbaji akimaliza mstari, jibu kwa noti tatu nne, kisha nyamaza.

Na usiharakishe. Harusi ikipamba moto utashawishika kuongeza kasi, ila wazee waliosimama walijifunza kucheza hatua kwa hatua, na watakaa chini ukiwakimbiza.

Baada ya vidole kuna mambo mengine mawili. Moja ni sheria. Nchini Kenya haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kwa Fundi Konde hiyo ni hadi mwisho wa mwaka wa 2050. Ukirekodi toleo lako la piano ukaliweka YouTube, huo si wimbo usio na mwenyewe. Andika jina lake, na ukitaka kuuza, uliza kwanza ofisi ya hakimiliki, KECOBO.

La pili halina sheria. Kabla ya kupiga, mwambie MC akupe maiki nusu dakika. Sema wimbo huu ni wa Fundi Konde wa Kilifi, aliyekwenda Burma na askari wa KAR akarudi na muziki. Huenda kukawa na mzee kwenye hema ambaye baba yake alikwenda huko pia, au alikataa akafungwa, au alilima mahindi ya mlowezi Endebess kwa lazima. Walioshuhudia wenyewe karibu wote wametuacha. Watoto wao bado wako Kanduyi, Malakisi na Saboti, wanakumbuka walichosimuliwa, na wengi hawajawahi kuulizwa na kijana yeyote.

Ukishamaliza kupiga, vuta kiti kando ya mzee huyo umuulize. Kisha andika atakachokwambia, pamoja na jina.