Krapf, Kivoi na Machozi ya Ukambani

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wapya wa isimu Ludwig Krapf alikuwa nani. Jawabu huwa lile lile: Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya. Si uongo. Aliuona tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Kitui, nami niliyezaliwa huko sina sababu ya kulikana jambo hilo. Hata hivyo, jawabu hilo humwacha nje mtu mwenyewe, ambaye kazi yake ya lugha ilikulia matangani.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 huko Derendingen, Ujerumani, mwana wa mkulima. Chama cha CMS cha Uingereza kilimtuma kwanza Uhabeshi. Huko mkewe, Rosine, alijifungua binti safarini, nyikani, na mtoto hakuishi. Walimwita Eneba, jina litokanalo na neno la Kiamhari lenye maana ya chozi. Mwaka 1844 wakaja Mombasa. Mwezi Juni Krapf akaanza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi, Sheikh Ali bin Mohiddin. (Wanaodhani kwamba Biblia ya Kiswahili ilianza kwa uadui wa dini na walikumbuke jina hilo.) Mwezi uliofuata homa ikamchukua Rosine, kisha, baada ya siku chache, mtoto wao mchanga. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali.

Aliyepatwa na hayo angeweza kupanda jahazi akarudi kwao, wala hapana ambaye angemlaumu. Krapf aliirudia tafsiri yake. Sura za mwanzo za kitabu hicho zilichapwa Marekani mwaka 1847. Sarufi yake ya Kiswahili na Injili ya Marko kwa Kikamba zikatoka Ujerumani mwaka 1850. Aghalabu wahubiri humsifu kana kwamba hakuumia. Mimi naona sivyo. Wazazi wanaompa mwana wao jina la Chozi hawajifanyi. Imani yao ni ile ya Ayubu na ya Zaburi za maombolezo, ambayo hulia kwanza, na ndiyo ninayoisikia katika nyimbo za Kikamba matangani kwetu, Kitui na Makueni, ambako mfiwa haambiwi anyamaze.

Safari ya mwaka 1849 ilimpitisha Krapf Kikumbulyu, ambayo leo imo Makueni, hadi kwa Kivoi wa Kitui, mfanyabiashara mashuhuri ambaye misafara yake ilifika pwani. Kivoi ndiye aliyemweleza habari za mlima ule mweupe, na jina Kenya lilimfikia Krapf kwa matamshi ya Wakamba. Mwaka 1851 alirudi, na Kivoi akamsindikiza kuelekea mto Tana. Wanyang'anyi wakawavamia, Kivoi akauawa. Mgeni alitangatanga porini kwa njaa na kiu, akibeba maji katika mtutu wa bunduki na mfuko wa darubini yake. Alipofika kwa jamaa za Kivoi aliwakuta baadhi yao wakimhesabia kifo hicho. Akatoroka usiku, akarudi Rabai. Kituo alichokusudia kukifungua Ukambani hakukifungua.

Vitabu vyetu vya shule humpa Krapf mateso yote, na Kivoi mstari mmoja. Nyumba ya Kivoi nayo ililia, na iliingia msibani kwa sababu ya kumkirimu mgeni. Wapo wanafunzi wangu, wazaliwa wa Kitui yenyewe, wasiolijua jina lake. Walimu wenzangu, hapo hatuwezi kuwalaumu watoto.

Krapf aliondoka Afrika Mashariki mwaka 1853 akiwa dhaifu wa afya, akarudi kwa muda mfupi mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe. Alifariki Korntal mwezi Novemba 1881. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata.