Semei Kakungulu: Aliyenyang'anywa Alichonyang'anya



Katika vilima vinavyouzunguka mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, wapo wakulima wanaoishika Sabato, wanaosali Zaburi na kujiita Bayudaya, yaani Wayahudi. Imani hiyo hawakuletewa na mmisionari. Chanzo chake ni mtu mmoja, jemadari wa Buganda, Semei Kakungulu.

Kakungulu alizaliwa Koki karibu mwaka 1869. Alikuwa wa kizazi kilekile cha Mashahidi wa Uganda, waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887. Alibatizwa katika Kanisa la Anglikana, na vita vya dini vilipozuka Buganda alipigana upande wa Waprotestanti. Vita hivyo vilihusu pia mashamba na vyeo. Baada ya mapigano ya Mengo mwaka 1892, nchi iligawanywa kwa kufuata madhehebu, na Wakatoliki wakatengewa Buddu. Hivyo tangu ujana wake Kakungulu alizoea kuona dini na ardhi vikienda pamoja.

Mwaka 1899 alishiriki kuwakamata wafalme Mwanga na Kabalega. Kisha alielekea mashariki na watu wake kwa idhini ya Waingereza, akitumaini kuwa mfalme wa nchi atakazozishinda. Alijenga ngome Budaka, halafu Mbale. Alifungua barabara na kupanda mivule pembezoni mwake. Lakini nchi hiyo ilikuwa na wenyewe. Wagwere, Wagisu na Wateso walitiishwa kwa bunduki, wakawekewa machifu Waganda, wakafanyishwa kazi za lazima na kutozwa kodi.

Waingereza hawakumpa ufalme alioutarajia. Mwaka 1902 walimwondolea mamlaka na kumwachia maili 20 za mraba kule Mbale. Mwaka 1906 walimpeleka Jinja kuongoza baraza la Busoga. Mwaka 1913 alirudi Mbale, mtu aliyevunjika moyo. Aliyekuwa amechukua nchi ya wengine alijiona sasa amenyang'anywa.

Katika uchungu huo alizama katika Maandiko Matakatifu. Kwanza alijiunga na Wamalaki, kundi lililokataa dawa za hospitali. Kisha Agano la Kale likamshika kabisa. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, ingawa tohara haikuwa desturi ya Waganda, akajitangaza kuwa Myahudi. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha kanuni na sala kwa wafuasi wake. Baadaye, karibu mwaka 1926, Myahudi aitwaye Yusufu aliwafundisha kalenda, sikukuu na taratibu za chakula. Kakungulu alifariki Novemba 1928. Wafuasi wake walibaki. Hata Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970, wachache waliendelea kusali kwa siri.

Uaminifu huo tuuheshimu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, unatufundisha kwamba Wayahudi wangali wapendwa wa Mungu, na kwamba mizizi ya imani yetu imo ndani ya Israeli. Tena si haki kusema kwamba Kakungulu aliigeukia Torati kwa sababu ya hasira tu. Ni Mungu pekee ajuaye moyo wake.

Hata hivyo, Torati iliyomfariji ndiyo iliyokuwa na swali kwake. Kitabu cha Walawi, sura ya 25, chafundisha kwamba ardhi ni mali ya Mungu, nasi juu yake ni wageni. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, chasimulia jinsi mfalme Ahabu alivyoonywa na nabii Eliya kwa sababu ya shamba la Nabothi. Kakungulu alijiona Nabothi mbele ya Waingereza. Mbele ya Wagisu, alikuwa Ahabu.

Sisi wa Mlima Meru twaweza kuielewa habari hii. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alilipeleka shauri lao Umoja wa Mataifa. Kumbukumbu hiyo tunaitunza kwa haki. Lakini hapa Sekei napokea ofisini ndugu wa tumbo moja wasiosalimiana kwa ajili ya kiwanja, na wajane waliofukuzwa shambani kabla ya arobaini ya marehemu. Wanaowafukuza ni wajukuu wa watu waliofukuzwa.

Anayekumbuka alivyodhulumiwa amekwisha kufanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuliza: je, yupo anayenikumbuka mimi hivyohivyo? Zakayo alijiuliza, akarudisha mara nne, na siku hiyo wokovu ukaingia nyumbani mwake. Kwaresima au si Kwaresima, tusingoje hadi baraza la ardhi lituamuru. Mungu atujalie moyo wa kurudisha.