Curt Flood, mchezaji aliyekataa kuuzwa

Siku hizi mchezaji wa kandanda akimaliza mkataba wake huenda anakotaka. Katika besiboli ya Marekani mambo hayakuwa hivyo. Kila mkataba ulikuwa na kifungu kilichoifunga shingo ya mchezaji: hata muda wake ukiisha, alibaki mali ya klabu. Ikimuuza, ama aende, ama aache mchezo.

Curt Flood alizaliwa Houston mwaka 1938, akakulia Oakland, California. Kwa wasioujua mchezo huu, mpigaji huupiga mpira kwa fimbo nene, na wachezaji watatu husimama mbali kabisa uwanjani ili waudake kabla haujagusa ardhi. Flood alisimama katikati ya hao watatu, katika timu ya St. Louis Cardinals, kwa miaka 12. Alitwaa ubingwa mwaka 1964 na 1967, na tuzo ya udakaji miaka saba mfululizo. Msimu wote wa 1966 hakufanya kosa hata moja la udakaji.

Oktoba 1969 akapigiwa simu kwamba ameuzwa Philadelphia. Hakuwa maskini, maana mshahara wake ulikuwa dola 90,000 kwa mwaka. Lakini alikuwa mtu mweusi, aliyeanza kucheza katika majimbo ya kusini ambako hakuruhusiwa kula meza moja na wenzake weupe. Akamwandikia mkuu wa besiboli, Bowie Kuhn, kwamba yeye si bidhaa. Alipokataliwa, akaenda mahakamani.

Marvin Miller, kiongozi wa chama cha wachezaji, alikuwa amemwonya mapema kwamba huenda akashindwa na kupoteza kazi. Akaendelea. Kinachotuuma zaidi ni kwamba hakuna hata mchezaji mmoja aliyekuwa bado uwanjani aliyefika kumtolea ushahidi. Waliofika ni wastaafu, akiwemo Jackie Robinson.

Juni 1972 Mahakama ya Juu ilimshinda kwa kura 5 dhidi ya 3. Wakati huo alikwisha kuacha mchezo, baada ya mechi 13 tu na timu ya Washington mwaka 1971.

Desemba 1975 msuluhishi aliwapa uhuru wachezaji wengine wawili, na kifungu kile kikavunjika. Mishahara ikapanda sana. Flood hakupata chochote. Alifariki Januari 1997, akiwa na miaka 59. Mwaka uliofuata Rais Bill Clinton alitia saini sheria inayobeba jina lake.