Makhan Singh, mchapaji aliyepigania wafanyakazi wa Kenya

Malori mengi yanayofika Kasindi kutoka Mombasa hupitia Nairobi. Huko ndiko Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab mwaka 1913, alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake. Baba alikuwa patroni. Mwana akachukua upande wa wafanyakazi. Mwaka 1935, akiwa katibu, aliifungua sendika ya Wahindi kwa watu wa rangi zote, jambo ambalo wakoloni hawakulipenda. Mgomo wa 1937 ulidumu siku 62, mishahara ikapanda. Aprili 1950, pale Kaloleni, alidai uhuru hadharani. Mwezi uliofuata akakamatwa, akazuiliwa mpaka Oktoba 1961. Uhuru ulipokuja hakupewa cheo. Aliandika historia ya sendika, iliyotoka 1969, akafariki 1973.